Giza Lililopigwa kwa Ngoma: Siouxsie and the Banshees, kutoka Panki hadi Roki ya Kigothi

Wazee wetu, shikamooni. Kaka na dada zangu, wapiga magitaa, wapiga ngoma, waimbaji na ninyi mliokuja kusikiliza tu, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nieleze jinsi bendi ya panki, ile roki ghafi na ya kasi ya vijana wa miaka ya 1970, inavyogeuka kuwa bendi ya roki ya kigothi, ile roki ya giza na hofu, nami nimeichagua Siouxsie and the Banshees ya London kwa sababu ndiyo niijuayo wimbo kwa wimbo. Wengi wakiulizwa kuhusu mageuzi hayo hujibu kwa macho. Watakutajia nguo nyeusi, wanja mzito, nywele zilizosimamishwa, picha za makaburi. Mimi nitajibu kwa masikio. Ninavyoamini, bendi hii haikuiacha panki. Iliitii amri ya panki mpaka kikomo, mahali ambapo wenzao wengi hawakufika, na huko ndiko ilikolikuta giza. Tena giza hilo lilipigwa na mpiga ngoma kabla mtu yeyote hajalivaa.

Siouxsie Sioux alizaliwa London mwaka 1957 kwa jina la Susan Ballion, akakulia Chislehurst, kitongoji cha kusini-mashariki ya jiji. Baba yake alikuwa Mbelgiji, mtaalamu wa bakteria aliyekuwa akikamua sumu ya nyoka, na alikutana na mama yake Kongo wakati wa utawala wa Wabelgiji. Baba huyo aliandamwa na ulevi, akafariki binti akiwa na miaka 14. Naitaja nyumba hiyo kwa sababu nyimbo za kwanza za bendi zimejaa vitongoji vya namna ile: bustani zilizokatwa majani vizuri, mapazia yaliyofungwa, na ndani mtu anaharibikiwa polepole. Hofu ya Siouxsie ilianzia mtaani kwake, si katika kasri la hadithi.

Mwaka 1975, kwenye onyesho la bendi ya Roxy Music, alikutana na Steven Severin, ambaye angekuwa mpiga besi wake kwa miaka yote ya bendi. Kumbukeni mahali walipokutana. Hawa walikuwa wamelelewa na muziki wa mwimbaji David Bowie na wa Roxy Music kabla hawajawa watu wa panki. Walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba jukwaani mtu anaweza kujiumba upya, na kwamba sauti ya ajabu si kosa. Panki ilipowafikia kupitia bendi ya Sex Pistols, waliokuwa wakiwafuata kila walikopiga, iliwapa kitu kimoja tu kilichokuwa kimebaki, nacho ni ruhusa ya kupanda jukwaani bila kujua kupiga.

Ruhusa hiyo waliitumia tarehe 20 Septemba 1976, katika tamasha la panki la ukumbi wa 100 Club, Oxford Street. Siouxsie alikuwa na miaka 19. Severin alishika besi, Marco Pirroni gitaa, na nyuma ya ngoma alikaa Sid Vicious, ambaye baadaye angejiunga na Sex Pistols. Hawakuwa na wimbo hata mmoja. Walipiga kwa takriban dakika 20 mfululizo, Siouxsie akighani Sala ya Bwana na kuichanganya na vipande vya nyimbo za watu wengine, huku mdundo mmoja ukigongwa bila kubadilika. Walidhani watatolewa jukwaani baada ya muda mfupi. Hakuna aliyewatoa.

Siwezi kuupita mwaka ule bila kusema kuhusu kitambaa chenye alama ya Wanazi alichokivaa Siouxsie mkononi. Vijana wale walikivaa ili kuwakera wazazi waliojisifia vita kila siku. Lakini alama ile ilikuwa imeua mamilioni ya watu, na waliofiwa walikuwa bado hai mtaani. Bernard Rhodes, meneja wa bendi ya panki ya The Clash, alikataa wasitumie vyombo vya bendi yake kwa sababu hiyo, na mimi nasema alifanya haki. Baadaye bendi ilitunga wimbo wa kumuenzi John Heartfield, msanii wa Kijerumani aliyepambana na Hitler kwa picha za kubandika, na mwaka 1980 ikatoa wimbo ulioitwa Israel. Nauchukua kama uthibitisho kwamba walikua. Hauifuti picha ya zamani, na haifai tuifute sisi.

Miezi miwili na ushei baada ya 100 Club likaja jambo ambalo watu wa pwani yetu wanapaswa kulijua. Tarehe 1 Desemba 1976 kundi la Queen lilitarajiwa kwenye kipindi cha televisheni cha Bill Grundy jijini London. Queen, ambayo mwimbaji wake Freddie Mercury ni mzaliwa wa Zanzibar, ikashindwa kufika. Kampuni ya rekodi ikawapeleka Sex Pistols kujaza nafasi, nao wakaja na marafiki zao, Siouxsie akiwamo. Grundy akamtongoza binti huyo hewani, Steve Jones wa Sex Pistols akamjibu kwa matusi ambayo hayajawahi kusikika saa ya chai, na kesho yake magazeti yote yakaandika panki. Grundy alisimamishwa kazi. Na Siouxsie akawa sura inayotambulika nchini kote kabla hajarekodi hata noti moja.

Sasa nije kwenye kiini.

Mwaka 1977 bendi ilitulia ikiwa na watu wanne: Siouxsie, Severin, John McKay kwenye gitaa na Kenny Morris kwenye ngoma. Wakati huo panki ilikuwa na amri moja kubwa iliyosema usipige kama wazee. Bendi nyingi ziliitafsiri amri hiyo kuwa ni kasi na kelele. Ukizisikiliza leo, utakuta ndani yake bado kuna roki ileile ya Chuck Berry wa miaka ya 1950, imekimbizwa tu. Banshees waliichukua amri kwa uzito wake wote. Kama hatutaki kupiga kama wazee, basi hatutaki solo ya gitaa. Hatutaki mapokeo ya blues, muziki wa Wamarekani weusi uliozaa roki. Na hapa ndipo wengine waliposimama na wao wakaendelea: hatutaki hata mdundo wa roki wenyewe.

Nieleze hili kwa wale wasiokaa nyuma ya ngoma. Katika roki ya kawaida, yale matoazi mawili yanayofungwa na kufunguliwa kwa mguu huhesabu muda juu kabisa, tsi-tsi-tsi-tsi, bila kupumzika. Ngoma ndogo yenye nyaya chini hupiga pigo la pili na la nne. Pigo likitaka kukolezwa, toazi kubwa hulipuka. Hivyo sehemu yote ya juu ya sauti hujaa vumbi la shaba, na gitaa hujaza katikati kwa kodi nene, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Msikilizaji yuko salama. Anajua pigo lijalo litaangukia wapi.

Kenny Morris aliyaweka matoazi kando karibu yote, akahamia kwenye zile ngoma nene zisizo na nyaya, akizizungusha badala ya kuhesabu. Fanya hivyo na utaona kinachotokea. Ni kama kuezua mabati ya nyumba: kuta zimebaki, milango ipo, lakini juu kumefunguka na mwenye nyumba haoni tena mwisho wa dari yake. Sauti ya Siouxsie ikapata uwazi mkubwa wa kupaa, ikapaa. Besi ya Severin, ambayo haikuwa na kazi ya kujaza chini kwa sababu ngoma zimeshajaza, ikapanda juu na kubeba mahadhi. Gitaa la McKay likaachiwa kazi ya kukwaruza, noti mbili tatu zisizopatana zikigongwa kama fidla za mtunzi Bernard Herrmann katika filamu ya kutisha ya Psycho, muziki ambao Siouxsie aliupenda tangu mapema.

Yote tunayoyaita ya kigothi yamo humo tayari: nafasi tupu, pigo zito linalozunguka, besi inayoimba, gitaa linalotia wasiwasi, sauti ya mtu aliye peke yake katikati. Hakuna hata kimoja kilichotokana na vazi. Kila kimoja kilitokana na kukataa.

Hapa Afrika Mashariki tuna faida ya kulisikia hili upesi. Masikio yetu yamelelewa na ngoma zenye sauti ya juu na ya chini zinazosemezana, na hatushangai ngoma ikiongoza wimbo. Kijana wa London wa mwaka 1977 alishangaa.

Kwa zaidi ya mwaka kampuni za rekodi ziliwapita. Bendi nyingine za panki zilikuwa zimetia saini, hawa bado. Mashabiki wakawa wanaandika kwenye kuta za London kwamba wasainiwe. Mtangazaji wa redio John Peel wa BBC akawaalika studio kurekodi kwa ajili ya kipindi chake, na hapo wasikilizaji wa nchi nzima wakazisikia nyimbo zisizo na santuri. Mimi naona kucheleweshwa huko kuliwafaa. Wangerekodi mwanzoni mwa 1977, tungepata santuri ya panki kama nyingine. Waliposaini na kampuni ya rekodi ya Polydor mwaka 1978, walikuwa wameshaupika muziki wao jukwaani mpaka umeiva.

Santuri yao ndogo ya kwanza, Hong Kong Garden, ilifika namba 7 kwenye chati za Uingereza mwaka huohuo. Mtayarishaji alikuwa Steve Lillywhite, kijana ambaye naye alikuwa akijifunza, na alimtaka Morris arekodi ngoma zake kwa mafungu: kwanza ile kubwa ya mguu na ile ya nyaya, kisha matoazi na ngoma nyingine baadaye. Ngoma zikapata umbali kati yao, kila moja kama iko chumba chake. Albamu ya The Scream ikafuata Novemba, ikashika namba 12. Wimbo wake wa Suburban Relapse unasimulia mama wa nyumbani anayerukwa na akili kati ya sinki na vyombo. Hakuna jini humo wala popo. Kwangu unatisha kuliko nyimbo zote za makaburi zilizokuja baada yake.

Mwaka 1979 Uingereza iliuanza kwa migomo mikubwa. Takataka zilirundikana London, na Liverpool hata wachimba makaburi waligoma. Sitaki kudai kwamba migomo ndiyo iliyotunga nyimbo, maana Banshees hawakuwa bendi ya siasa za magazetini. Lakini albamu yao ya pili, Join Hands, iliyotoka Septemba mwaka huo, imejaa wafu. Inafunguliwa na Poppy Day, inayochukua maneno ya shairi la John McCrae kuhusu askari waliozikwa Flanders katika Vita Kuu ya Kwanza. Ndani kuna kengele, kuna kisanduku cha muziki cha mtoto, kuna wimbo wa mtu anayezikwa akiwa hai, na mwisho ile Sala ya Bwana ya 100 Club, sasa imerefushwa kufikia takriban dakika 14. Wapo walioiona nzito mno. Mimi nasema hapo ndipo panki yao ilipovuka, na ushahidi ni sala hiyo: kitu kilekile walichoanza nacho kwa fujo, miaka mitatu baadaye kimekuwa ibada ya kutisha.

Kisha bendi ikavunjika katikati.

Siku ileile Join Hands ilipotoka, tarehe 7 Septemba 1979, walikuwa Aberdeen, Scotland. Kulitokea ugomvi kwenye duka la santuri walikokwenda kusaini nakala, na McKay na Morris wakaondoka mjini, saa chache kabla ya onyesho. Bendi iliyowatangulia jukwaani katika ziara hiyo ilikuwa The Cure. Ikalazimika kupiga muda mrefu zaidi, halafu Siouxsie na Severin wakapanda kuwaeleza watu kilichotokea, na pamoja na The Cure wakapiga Sala ya Bwana.

Bendi nyingine ingerudi nyumbani. Hawa walimchukua Budgie, aliyekuwa amepiga ngoma kwenye albamu ya kwanza ya The Slits, na Robert Smith wa The Cure akajitolea kushika gitaa. Kwa siku zote zilizobaki za ziara Smith alipiga mara mbili kila usiku, kwanza na bendi yake, kisha na Banshees. Amesema mwenyewe kwamba kusimama ndani ya muziki ule kulimpa nguvu ambayo hakuwahi kuihisi na bendi yake. Sikilizeni santuri za The Cure kabla na baada. Three Imaginary Boys ya Mei 1979 ni panki nyembamba, ya werevu. Seventeen Seconds ya 1980 ina ukungu. Pornography ya 1982 ni ngoma nzito zisizo na huruma tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu akiniuliza roki ya kigothi ilienezwaje, namwonyesha ziara hiyo kabla ya kumwonyesha klabu yoyote.

Budgie alibaki na bendi mpaka mwisho wake, na baadaye akamwoa Siouxsie. Morris alikuwa ameondoa matoazi, lakini Budgie ndiye aliyezifanya ngoma zilizobaki ziseme. Zake hazigongi tu, zina mwendo, zinakimbia mbele na kurudi. Mwaka 1981 yeye na Siouxsie walianzisha kundi dogo la watu wawili, The Creatures, na santuri yao ya kwanza, Wild Things, haina karibu chochote ila sauti na ngoma. Wapiga ngoma mliopo hapa, itafuteni. Hapo hoja yangu yote imo mifupa mitupu.

Gitaa likamwendea John McGeoch, Mskoti aliyetoka bendi ya Magazine, na kwa maoni yangu ndiye mpiga gitaa mkubwa kuliko wote wa kizazi kile. Alijua kupiga kila kitu, akachagua kupiga kidogo. Hagongi kodi nzima, huichambua waya kwa waya, huku kifaa cha kuzungusha sauti kikiifanya kila noti iyumbe kama inapita majini. Katika Kaleidoscope ya 1980, iliyofika namba 5, bado bendi inajaribu: kuna mashine ya ngoma, kuna sauti ya kamera ikifyatuka, hata Steve Jones wa Sex Pistols amepiga gitaa kwenye nyimbo kadhaa. Yule aliyemtukana Grundy sasa yumo ndani ya santuri ambayo panki imekwisha kuwa kitu kingine. Mwaka uliofuata, Juni 1981, ikaja Juju.

Juju ndiyo santuri ninayowapa wote wanaoniuliza waanze wapi. Spellbound inafungua kwa gitaa linalochambuliwa kwa kasi, halafu ngoma za Budgie zinaingia na hakuna tena pa kusimama. Johnny Marr wa The Smiths ameisifu kazi ya McGeoch katika wimbo huo hadharani. Night Shift inatembea polepole. Halloween inakimbia. Voodoo Dolly, ya mwisho, inaanza kwa mnong'ono na kumalizikia kwenye ghasia. Baada ya albamu hii vijana wa Leeds, Northampton, Los Angeles na kwingineko walikuwa na ramani.

Lakini nina neno nayo. Juu ya jalada kuna sanamu la Kiafrika waliloliona kwenye jumba la makumbusho la Horniman, kusini mwa London, na bendi ilisema sanamu hilo lilichochea sura ya albamu nzima. Mimi nikiwa Mwafrika nashika jalada hilo na kuuliza: kwa nini kitu kilichochongwa na watu wetu wa bara hili, kwa kazi yake na heshima yake, kikifika London kiwe alama ya kutisha? Mkono uliolichonga hautajwi. Bendi ilikuwa na hofu yake halisi, ya Chislehurst, ya sinki na mapazia, na haikuhitaji kuazima ya kwetu. Naipenda Juju kwa moyo wote, na ninalisema hili kwa sababu naipenda. Vijana wetu watakaoupiga muziki wa giza wasiende kutafuta vinyago vya kutishia watalii. Watazame ndani ya nyumba zao wenyewe.

Yaliyofuata nitayapita haraka. Julai 1982 klabu ya Batcave ilifunguliwa Soho, na wanja na nywele za Siouxsie vikawa sare ya mamia ya vijana. Mwishoni mwa mwaka huo McGeoch alizidiwa na pombe, akashindwa kupiga vizuri jukwaani Madrid, akaondolewa. Robert Smith akarudi, na mwaka 1983 wakafika namba 3 kwa kupiga upya wimbo wa Beatles, Dear Prudence. Waliendelea hadi 1996. McGeoch alifariki mwaka 2004.

Na jina la kigothi je? Siouxsie amelikataa tangu zamani. Hakutaka kuitwa mama wa kigothi, na aliona wengi waliomfuata wamechukua vipodozi wakaacha hatari. Ninamwelewa. Jina lenyewe lilikuwapo kabla yake, mhakiki wa Marekani alilitumia kwa bendi ya The Doors mwaka 1967, na mwaka 1979 lilitumika Manchester kuielezea bendi ya Joy Division. Bauhaus wa Northampton walikuwa na wimbo wao kuhusu Bela Lugosi, mwigizaji wa filamu ya Dracula, mwezi Agosti mwaka huohuo. Hakuna bendi moja iliyozaa mtindo huu peke yake. Ninachosema ni kwamba katika Banshees unaweza kuifuata njia yote bila kuruka hata hatua moja, kutoka pigo moja la Sid Vicious hadi ngoma za Budgie.

Sasa mafundi wa sauti wako tayari. Tutasikiliza nyimbo tatu kwa mpangilio wa miaka: Suburban Relapse, Poppy Day, Spellbound. Nawaomba mara ya kwanza msimfuate mwimbaji. Fuateni ngoma, na kila mtakapotarajia toazi lisitokee, inueni mkono.